Ngozi Chini ya Landrova

Ngigi hakuuliza habari za mbuzi. Habari za mbuzi alikuwa nazo, kama alivyokuwa na habari za kila sufuria iliyofunikwa katika laini ile ya vibarua kule Dundori. Aliuliza ngoi iko wapi.

Wachuka alikuwa ameketi mlangoni akinyonyesha. Mtoto, msichana wa kwanza wa nyumba hiyo, alikuwa amefungwa kwa kipande cha gunia la pareto kilichofuliwa mpaka kikalainika, na macho ya Ngigi yalikuwa kwenye gunia hilo.

"Ngoi?" akasema Wachuka, kama mtu anayesikia neno geni.

"Ngoi, mama. Ngozi ya kumbebea mtoto mgongoni. Jumamosi mmechinja mbuzi wa uzazi, na si vibaya, nyumba ikizaa lazima mama anywe supu. Harufu ya supu ilinifikia mpaka kituoni. Lakini ngozi ya mbuzi huyo ni ya mtoto. Mimi nilibebwa kwa ngozi kama hiyo, wewe ulibebwa kwa ngozi kama hiyo. Huyu mbona amefungwa kwa gunia?"

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililomtisha Wachuka. Kabla ya kupewa koti la jeshi na bunduki, Ngigi alikuwa mkamuaji maziwa wa shamba hilo hilo, na githeri ya nyumba hii aliila mara nyingi akaisifu. Sasa alikuwa homgadi, mlinzi aliyeajiriwa na Serikali kupambana na watu wa msituni. Mwaka ule wa hamsini na nne ngozi mbichi ya mbuzi ilitisha kuliko panga. Serikali ilikuwa imesikia kwamba wanaolishwa kiapo cha msituni hufungwa vipande vya ngozi ya mbuzi mkononi, basi kila mbuzi aliyechinjwa na Mkikuyu alidaiwa ngozi yake. Mzungu peke yake angeona nyama akaridhika. Ngigi alijua mbuzi anavyogawanywa kutoka pembe mpaka kwato, nani hula nini na ngozi huenda wapi, kwa sababu alilelewa katika desturi hiyo, na ujuzi huo ndio uliompa mshahara.

"Fisi aliichukua," akasema Wachuka.

"Fisi."

"Usiku wa Jumamosi. Tuliiacha nje."

Ngigi aligeuka akakitazama kiwanja cha mbele ya nyumba. Kilikuwa kimefagiwa vizuri, kama viwanja vya wanawake wenye haya, na udongo wake ulikuwa mgumu, mwekundu, mzima. Akautembelea taratibu, akiupima kwa ncha ya buti.

"Ngozi huwambwa," akasema. "Nionyeshe mashimo ya vigingi."

Wachuka hakuwa na mashimo ya kumwonyesha. Mtoto aliliachia titi, akalitafuta tena, na mama yake hakuona.

Ndani alikuwamo Wangare, mama mkwe wake, aliyemzaa mumewe Gachanja. Alikuwa ameacha kazi ya kusaga tangu aliposikia neno ngoi. Alitoka akiwa ameinama, mkono mmoja kiunoni. "Ngigi mwanangu," akasema, "ngozi yenyewe ilikuwa ndogo, imejaa kupe. Nani angehangaika kuiwamba?"

"Wewe, mama. Wewe ungehangaika. Nakujua." Akampita akaingia ndani. Wanawake wawili walisikia vifuniko vya vyungu vikiondolewa kimoja kimoja, kitanda kikipinduliwa, unga ukimwagwa. Alipotoka alimwambia Wachuka amfungue mtoto. Wachuka alimfungua, na mtoto akaanza kulia kwa baridi huku Ngigi akilikung'uta lile gunia, akilinusa, kisha akamrudishia kwa ncha za vidole.

"Ningeona ngoi ningeenda zangu nikanywe chai," akasema. "Bwana afisa wa skriningi, anayewachuja waliokula kiapo, yuko stoo ya maziwa tangu asubuhi. Alikuja kwa ajili ya watu wengine. Vaa, uje, wewe na mtoto. Mimi napitia kwa mumeo."

Alipofika mbali, Wangare alimfunga mjukuu wake mwenyewe. "Ungemwambia ukweli," akasema.

"Ukweli gani, mama? Kwamba Gachanja alilala chini ya gari la bwana?"

Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyenuna siku tatu mwanawe alipoichukua ile ngozi ikiwa bado ina joto, akaikunja ndani ya ndoo na kwenda nayo. Alimwambia kwamba hajawahi kuona baba anayemnyang'anya mtoto ngozi yake akalivike gari. Kwa aibu hiyo hakumwambia mtu yeyote katika laini, hata majirani waliokuja kunywa supu. Sasa alitamani angekuwa amelalamika kwa sauti, mbele ya watu wote.

 

Gari lenyewe lilikuwa Landrova, na kila mtu Dundori aliijua kwa sauti yake. Mwenyewe alikuwa Mzungu ambaye vibarua walimwita Bwana Mabuti, kwa sababu hata kanisani alikwenda na gambuti. Gachanja ndiye aliyeitunza, na kwa miaka miwili alikuwa ameigeuza kidogo kidogo bila kununua chochote. Bamba la pipa alilifunga chini ya tumbo la gari ili mawe ya mlimani yasipasue injini. Bomba la moshi aliliinua juu kwa kipande cha mfereji wa paa, na tangu hapo Landrova ikavuka mito bila kukohoa. Msimu wa mvua alizungushia magurudumu kamba ya mkonge, gari likapita kwenye tope ambamo magari ya majirani yalilala mpaka jua litoke. Bwana Mabuti alipenda sana kuwaeleza wenzake jinsi alivyoyafikiria mambo hayo. Gachanja alimsikia mara moja akiyaeleza, akaendelea kufunga nati.

Kisha chuma kimoja cha springi ya nyuma kikavunjika, na gari likalala upande. Bwana Mabuti alisema Alhamisi atamleta fundi wa Kihindi kutoka Nakuru. "Nalipa yeye, nalisha wewe kwa nini?" akauliza. Halikuwa swali la mchezo. Mkikuyu asiye na kazi hakuwa na ruhusa ya kulala shambani hata usiku mmoja. Lori lilimsubiri kumrudisha rizavu, eneo walilotengewa Wakikuyu kule Murang'a, ambako Gachanja hakuwa na hata shina moja la ndizi.

Njia ya kuitengeneza aliijua. Ujanani aliwahi kufanya kazi kwa Kaburu mmoja wa Ol Kalou, na Makaburu wale, gari la ng'ombe likivunjika porini, walifunga mahali palipovunjika kwa ngozi mbichi. Ngozi ikikauka hujikaza mpaka chuma kinalia. Gachanja alipata chuma cha springi kutoka gari bovu la ng'ombe, akakosa ngozi. Ng'ombe hawakuruhusiwa kuchinjwa kwa sababu ya karantini. Mbuzi wa mkewe ndiye aliyekuwapo.

Shida ilikuwa amri. Tangu uvumi uenee kwamba breki za Mzungu mmoja upande wa Longonot zilikatwa, hakuna mtu mweusi aliyeruhusiwa kuingia chini ya gari bila mwenyewe kusimama hapo na bastola yake. Lakini Bwana Mabuti alichukia kusimama. Jumapili, yeye na memsabu mkewe walipokwenda kanisani kwa gari dogo, Gachanja alilala chini ya Landrova, akaizungushia springi ile ngozi mara tatu, manyoya ndani, akaishona kwa uzi wa mkonge, akaikausha kwa jiko la makaa na kuipaka grisi na mafuta ya kondoo mpaka ikawa nyeusi. Jumatano asubuhi bwana alikuta gari lake limesimama sawa. "Nilikaza nati tu, bwana," akaambiwa. Bwana alifurahi, akateremka nalo kwenda Nakuru.

Ilikuwa Jumatano hiyo hiyo Ngigi aliposimama kwenye mlango wa banda la trekta akasema, "Acha hiyo spana, Gachanja. Weka chini polepole."

 

Stoo ya maziwa ilinuka maziwa yaliyochacha. Afisa alikuwa kijana, pua imebabuka kwa jua, na mbele yake kulikuwa na meza ya memsabu ya kuchezea karata. Gachanja alivuliwa koti na shati. Ngigi alimgeuza mikono yake, akaitazama chini ya kwapa na kwenye viwiko akitafuta chale, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Hakukuwa na kitu ila makovu ya moto wa kulehemu.

Kando ya ukuta alisimama Kipkemei, mchunga ng'ombe wa bwana, aliyeitwa kwa sababu mbuzi alitoka kwake. Yeye hakuwa Mkikuyu, kwa hiyo aliruhusiwa kuvaa shati.

"Wewe nauza mbuzi?" afisa akamwuliza.

"Niliuza, bwana. Mbuzi wa kawaida."

"Rangi gani?"

"Mweupe. Alikuwa na doa jekundu hapa begani. Ngozi mimi sijui. Nilipokea pesa yangu nikaenda."

Afisa alimgeukia Gachanja. "Ngozi iko wapi?"

Gachanja alijua kwamba swali hilo lilikuwa na majibu mawili na yote yalikuwa mabaya. Akiificha ngozi ni mlisha kiapo. Akiionyesha ni mtu aliyeingia chini ya gari la Mzungu wakati Mzungu hayupo, na kwa hilo pia watu walikuwa wamepelekwa mahali wasikorudi. Alifikiri mkewe hajaulizwa bado. Akachagua kusema kweli, maana angalau ilikuwa na kitu cha kushikwa kwa mkono.

"Iko chini ya Landrova ya bwana, efendi. Nimefungia springi."

Ngigi alinyanyua kichwa. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana kushangaa. Afisa aliiweka kalamu chini.

"Chini ya gari? Nani natuma wewe chini ya gari?"

"Hakuna, bwana. Ilikuwa imevunjika."

"Unafanya nini ingine chini ya gari? Breki? Unagusa breki?"

"Sikugusa breki, bwana. Nilifunga springi tu. Hata lile bamba la pipa ni mimi niliweka, na bomba la juu, na..."

"Kelele. Hiyo mambo ni ya Bwana mwenyewe, yeye naambia mimi." Afisa akamwita Ngigi, wakanong'ona kidogo. Kisha akarudi na sauti nyingine, tulivu zaidi. "Bibi yako nasema fisi nachukua ngozi. Wewe nasema gari. Nani naongopa?"

Hapo Gachanja aliogopa kweli kweli. Alielewa kwamba Wachuka alikuwa amemficha, kama alivyomwagiza mwenyewe amfiche, na kwamba kwa kumtii alikuwa amejitia kitanzini.

"Tangoja gari," akasema afisa. "Kama ngozi iko, taona. Kama ngozi hapana iko, nyinyi wawili nakwenda na mimi."

 

Mume na mke waliwekwa kwenye uwanja wa mbele ya stoo, wakachuchumaa chini, mikono kichwani, Gachanja bila shati. Wachuka alikatazwa kumkaribia. Kwa huruma ya afisa aliruhusiwa kushusha mikono kwa sababu ya mtoto. Wangare alisimama kwenye ua akiwa na chupa ya uji aliyokatazwa kuipeleka. Vibarua wa pareto walipita na vikapu vyao wakitazama chini, na hata wale walioinywa supu Jumamosi walipita upande wa mbali. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wakihesabu ni nani aliyewaona wakiinywa.

Saa za mchana mvua ikaanza.

Mara ya kwanza Gachanja hakuielewa hofu mpya iliyomshika. Aliyatazama matone yakichimba mashimo kwenye udongo mbele ya magoti yake, na akakumbuka kwamba ngozi mbichi ikilowa hurudi kuwa ngozi mbichi. Hulegea, huteleza, hunyooka. Aliipaka grisi, ndiyo, lakini aliipaka akiwa na haraka, akisikiliza kama gari dogo linarudi kutoka kanisani. Je, mshono wa upande wa ndani aliupaka? Alijaribu kuviona vidole vyake vikipita pale, akashindwa.

Kama ngozi imelegea, itakuwa imeanguka mahali fulani kwenye matope kati ya Nakuru na hapa, na hakuna mtu atakayeitafuta. Na kama chuma kimechomoka kwenye ile kona ya juu, penye bonde, basi Landrova iko chini ya bonde na Bwana Mabuti yuko ndani yake. Hapo hakutakuwa na skriningi wala maswali. Hapo ni kamba.

Basi Gachanja alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Alimwombea Bwana Mabuti. Alimwomba Mungu amwendeshe polepole, ampishe mashimo, amfikishe nyumbani kwake salama, mzima, na buti zake. Alipomtazama mkewe aliona midomo yake nayo ikicheza, akajua wanaomba kitu kimoja.

"Mbona ulisema fisi?" akamwuliza kwa sauti ya chini, bila kugeuza kichwa.

"Ulisema nisiseme."

"Nilisema kwa majirani."

"Ulisema kwa mtu yeyote," akasema Wachuka. "Mimi nilikusikia vizuri. Ulisema kwa mtu yeyote."

Ni kweli alisema hivyo. Mtoto alikuwa ameacha kulia, na kimya chake kilikuwa kibaya kuliko kilio. Gunia lilikuwa limelowa chepechepe. Wachuka alimwinamia, akamfunika kwa mgongo wake mwenyewe, na maji yakamtiririka shingoni.

"Ngigi," Wangare akaita kutoka kwenye ua. "Mwanangu, acha nimchukue mtoto tu. Mtoto hakula kiapo."

Ngigi alisimama chini ya paa la stoo, koti lake kavu. Alitazama mlangoni kwa afisa, akatazama uwanjani. "Subiri gari, mama," akasema.

 

Landrova waliisikia kabla ya kuiona. Gachanja aliisikiliza kwa mwili mzima. Ilikuwa ikipanda kwa gia ndogo, injini ikiunguruma sawa, na kwenye lile daraja la magogo karibu na mabirika ya kunyweshea ng'ombe aliisubiri ile ngurumo ya chuma kugonga chuma. Haikuja.

Bwana Mabuti aliteremka akiwa na furaha ya mtu aliyefika nyumbani mvuani wakati wengine wamekwama. Furaha hiyo ilimtoka kadiri afisa alivyokuwa akimweleza. Walizungumza Kiingereza, na Gachanja alishika neno moja moja tu. Kisha bwana alimjia mpaka buti zake zikasimama mbele ya magoti yake.

"Nani naruhusu wewe ingia chini ya gari yangu?"

"Samahani, bwana."

"Mimi nauliza nani."

"Hakuna, bwana."

Alimpiga teke moja, si kubwa sana, la begani, akaanguka ubavu kwenye tope. Halafu akasema jeki iletwe, kwa sababu kwa kweli naye alitaka kuona.

Ngigi ndiye aliyetumwa kulala chini. Alivua lile koti lake, akalikunja, akatafuta pakavu pa kuliweka, akakosa, akamkabidhi Kipkemei alishike. Waliona buti zake tu zikitokeza.

"Iko," akasema kutoka chini.

Wachuka alianza kulia bila sauti.

"Kata," afisa akaagiza. "Toa yote. Nataka ona ndani."

"Kata uzi tu," Gachanja akasema kwa Kikuyu, haraka, kabla ya kujizuia. "Ngigi, nakusihi. Kata uzi, usikate ngozi."

Hakujua mwenyewe kwa nini alisema hivyo. Labda alikuwa bado anafikiria gari. Kisu kilisikika kikikwaruza, mara kwa mara, kwa subira ambayo hakuna aliyeitarajia kwa Ngigi, kisha kikateleza mara moja na Ngigi akalaani. Alitoka na kitu cheusi, kigumu, kilichojikunja. Alikilaza kwenye boneti, akakikandamiza kwa viwiko mpaka kikafunguka. Nje kilikuwa grisi na tope. Ndani kilikuwa na manyoya meupe, na kwenye pembe moja, doa jekundu. Kona nyingine kisu kilikuwa kimeila kidogo.

"Huyo ndiye mbuzi wangu," akasema Kipkemei, na akasema tena, ingawa hakuna aliyemwuliza.

Afisa aliipindua ngozi, akainusa, akaitazama upande wa pili. Haikuwa imekatwa kipande cha kutosha kufunga mkono wa mtu. Chini ya gari kulikuwa na chuma cha gari la ng'ombe, waya, na hakuna kingine. Breki zilikuwa nzima. Alionekana kama mtu aliyepotezewa siku.

Walizungumza tena, yeye na Bwana Mabuti, na safari hii bwana alizungumza zaidi, akionyesha gari, akionyesha barabara. Hukumu ilikuja kwa mdomo wa Ngigi, aliyekuwa akijifuta tope shingoni. Gachanja atabaki, kwa sababu bwana amemwombea. Atakatwa mshahara wa mwezi, na akionekana tena chini ya gari peke yake atapigwa risasi hapo hapo. Bibi amedanganya Serikali, na Serikali haiwezi kukaa na mtu mwongo. Kesho asubuhi lori litampeleka rizavu, yeye na mtoto, na huyu mama mzee aliyesema habari za kupe.

Gachanja alifungua mdomo. Ngigi alimtazama, akatikisa kichwa kidogo sana.

"Kesho mimi nakwenda Longonot kuona ng'ombe," akasema Bwana Mabuti, akiondoka tayari. "Funga hiyo kitu tena kama ilikuwa. Ngigi tasimama hapo."

"Ndiyo, bwana," akasema Gachanja.

 

Jioni ile Ngigi alisimama kwenye banda na bunduki yake, na Gachanja akafunga springi. Aliikata tyubu ya trekta iliyooza kuwa mikanda, akaizungusha juu ya waya, akavuta kwa nguvu zake zote, akafunga. Kwa macho ilifanana. Ngozi ilikuwa sakafuni, imekunjwa ndani ya koti lake.

Ngigi aliiona. Aliitazama tyubu, akaitazama ngozi, akatazama nje ambako mvua ilikuwa imepungua.

"Hiyo itafika Longonot?" akauliza.

"Itafika labda. Kurudi sijui."

"Na akiuliza?"

"Wewe ulisimama hapa," akasema Gachanja. "Uliona nikifunga."

Yalikuwa maneno ya kutisha kumwambia mtu mwenye bunduki. Ngigi alitoka akasimama nje ya mlango, mgongo ukielekea ndani, mpaka kazi ikaisha.

Nyumbani Wangare aliichukua ngozi. Aliiloweka katika maji ya moto, akaikwangua grisi kwa jiwe, akaikanda kwa mafuta ya nyonyo, akaikanda tena. Harufu ya gari haikutoka. Ile kona iliyoliwa na kisu aliishona. Wachuka alifunga sufuria ndani ya blanketi na kuzifungua tena, hajui cha kuacha.

"Na gari?" akamwuliza mumewe.

"Gari ni kazi yangu."

"Gachanja. Na gari?"

"Mtoto hatafika Murang'a kwa gunia lililolowa," akasema. "Mvua hii haiishi leo wala kesho." Akaenda kuchochea moto usiohitaji kuchochewa.

 

Lori lilikuja asubuhi likiwa limejaa nusu, watu wa mashamba ya juu, na mizigo yao imefunikwa kwa turubai. Karani aliita majina. Ngigi alikuwa akikagua, maana amri ilikuwa kwamba hakuna ngozi ya mbuzi ya kupita. Wangare alipakiwa kwanza, kwa kusukumwa. Wachuka alikuja na mtoto mgongoni, ndani ya ngoi ngumu, yenye mabaka meusi, na doa jekundu likionekana juu ya bega lake.

"Hiyo nini?" karani akauliza.

Ngigi aliishika. Aliipapasa taratibu, juu na chini, na mtoto ndani yake akajinyoosha. Vidole vyake vilipotoka vilikuwa vyeusi kwa grisi. Alivitazama, akavifuta kwenye koti.

"Ngoi," akasema. "Ya mtoto. Panda, mama."

Nyuma ya lori honi ilipigwa. Bwana Mabuti alikuwa amekwisha toka na alitaka njia. Dereva alisogea pembeni, na Landrova ikapita na bomba lake la mfereji likitoa moshi juu. Wachuka, ameshikilia ubao wa lori, alilitazama gurudumu la nyuma la Landrova. Kwenye shimo la kwanza springi ilizama upande mmoja, ikainuka kwa kuchelewa. Kwenye la pili ilichelewa zaidi. Bwana hakuona kitu; aliinua mkono kumsalimu karani, akaongeza mwendo.

Wachuka alimtafuta mumewe. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa banda, spana mkononi, hakutazama lori. Kichwa chake kilikuwa kimeinama upande wa barabara, akiisikiliza Landrova ikiteremka. Alikuwa bado amesimama hivyo lori lilipoondoka, na mtoto, kwa joto la ngozi, akalala.